Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kilimo: Miembe ya zamani ihesabiwe ingali imesimama

Kwa Waziri wa Kilimo wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kwa Waziri mwenye dhamana ya kilimo wa Serikali ya Mapinduzi Zanzibar. Kwa wakuu wa taasisi za utafiti wa kilimo, TARI upande wa Bara na ZARI pale Kizimbani. Na kwa wakurugenzi wa halmashauri zote zenye miembe ya kale, kuanzia mwambao hadi Tabora na Kigoma.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuomba jambo moja ambalo halihitaji jengo jipya wala mkopo kutoka nje. Naomba miembe ya zamani ya nchi hii ihesabiwe, ijulikane majina na sifa zake, na kila aina ichukuliwe vikonyo, yaani ncha za matawi, ikabebeshwe kwenye miche michanga kabla miti yenyewe haijaondoka. Naishi kwa kubebesha na kuuza miche ya matunda mkoani Pwani. Kazi yangu inanipitisha kwenye mashamba ya watu, chini ya miti yao, na kila msimu nakuta kisiki mahali ambapo msimu uliopita tulikaa kivulini tukala maembe.

Nianze na jambo ambalo naamini wengi wenu hamjaelezwa vizuri. Kwenye maonesho ya Nane Nane nimesikia viongozi wakituhakikishia kwamba mbegu zetu za asili ziko salama kwa sababu taifa lina benki ya mbegu. Kwa mtama, kunde, uwele na maharage, hiyo ni habari njema na ya kweli. Mbegu hizo hukaushwa, hufungwa, huwekwa kwenye ubaridi mkali, na baada ya miaka mingi huoteshwa zikaota. Ghala la Svalbard kule Norwei, lililofunguliwa mwaka 2008, linafanya kazi hiyo hiyo kwa ajili ya dunia nzima. Lakini kokwa la embe halikubali utaratibu huo. Likikauka, limekufa. Likigandishwa, limekufa. Ukila embe leo na kokwa lake likakaa juani wiki chache, ulichobaki nacho ni kuni.

Na hata likiwahi kupandwa, hakuna uhakika kwamba litaleta embe lile lile. Yapo maembe ambayo kokwa moja hutoa miche miwili, mitatu au zaidi, na mingi kati ya miche hiyo humfuata mama. Yapo mengine hutoa mche mmoja tu, nao ni mtoto wa mti ule na mti mwingine wowote wa jirani ambao nzi alipitia maua yake asubuhi ile. Kwa hiyo aina ya embe inaishi mahali pamoja tu: ndani ya mti uliosimama. Mti wa mwisho ukianguka, hakuna kabati la kufungua.

Tufaha lina tabia hiyo hiyo, na tazameni wenzetu walivyofanya. Waingereza wana shamba zima la miti hai pale Brogdale, huko Kent, lenye aina zaidi ya 2,000 za matufaha, kila aina na miti yake na jina lake. Mtu mwenye mti wa babu yake asioujua jina hutuma majani, vinasaba vikapimwa na kulinganishwa na vya miti iliyoko kwenye mkusanyo ule, naye akajibiwa ana tufaha gani, au akaambiwa kwamba tufaha lake halifanani na lolote linalojulikana. Mti wa kwanza kabisa wa tufaha linaloitwa Bramley ulitokana na mbegu zilizopandwa mwaka 1809 katika mji wa Southwell. Ulipovamiwa na kuvu la mizizi na kuanza kufa, watu walihuzunika kwa sababu ya mti, lakini tufaha lenyewe halikuwa hatarini, kwani vikonyo vyake vilikuwa vimeshasambaa nchi nzima zaidi ya miaka mia kabla.

Upo pia Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea kwa Chakula na Kilimo, ulioanza kutumika mwaka 2004. Mkataba huo una orodha ya mazao ambayo nchi wanachama zimekubaliana kubadilishana kwa utaratibu mmoja. Nimeipitia orodha hiyo mara nyingi. Tufaha limo. Ndizi imo, nazi imo, shelisheli limo, jamii ya machungwa na malimau imo. Embe halimo. Tunda linalolisha watoto wa mwambao na bara kila Desemba halikuingia. Sisemi hili kulaumu waliokaa kwenye meza ile. Nasema ili ieleweke kwamba tukikaa kusubiri mpango wa dunia uje kutunza maembe yetu, tutasubiri sana.

India, lilikotoka embe, wanajua walichonacho. Karibu na mji wa Lucknow upo mwembe unaoheshimiwa kama mama wa maembe yote ya Dashehari. Malihabad, si mbali na hapo, mzee Kaleem Ullah Khan amebebesha aina zaidi ya 300 juu ya mti mmoja, na mwaka 2008 serikali ya nchi yake ikampa nishani ya Padma Shri. Mwaka 2018 jina la embe la Alphonso la Ratnagiri na maeneo ya jirani likapewa ulinzi wa kisheria, ili asitokee mtu wa kuuza embe jingine kwa jina hilo. Mimi ni mbebeshaji pia, na habari ya mzee yule hunipa moyo kila ninapoikumbuka. Lakini India watatunza maembe ya India. Boribo muyuni la Unguja, sikio la punda, dodo, viringe, sindano, zafarani, shomari, ngowe la Lamu: hayo yana wenyewe, na wenyewe ni sisi.

Nani atasema kwamba haya si yetu kwa sababu yalikuja na majahazi? Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu, akakaribishwa chakula, na miongoni mwa vilivyowekwa mbele yake pembeni ya wali yalikuwamo maembe. Aliwaeleza wasomaji wake kwamba ni tunda linalofanana na tufaha lakini lina kokwa. Likiiva ni tamu sana, na kabla ya kuiva ni kali kama limau, nao hulitia kwenye siki. Yaani karibu miaka 700 iliyopita achari ya embe ilikuwa imeshazoeleka kwenye pwani hii. Tunda ambalo limekaa na watu muda huo, likachaguliwa na mikono yao, likapewa majina kwa lugha yao na kugawanywa kwenye mirathi yao, limekuwa la kwao.

Kutoka pwani likapanda bara. Njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, zaidi ya kilomita elfu moja, inaweza kufuatwa hadi leo kwa kutazama miembe: Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara pale Tabora, hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watu waliofungwa minyororo walipita hapo. Chini ya mwembe mmoja wa Ujiji ndipo Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, na miembe iliyopo sasa kwenye kumbukumbu ile inaelezwa kuwa ni vizazi vya mti wa asili. Vituo vya njia hiyo viko kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Ni jambo jema. Sasa naomba mtu mmoja kutoka wizara yoyote aniambie: miembe ya Kwihara ni aina gani? Inafanana na ipi ya Bagamoyo? Je, maembe yaliyopandwa njiani yalikuwa yale yale yaliyokuwa yakiliwa Unguja wakati huo, au mengine ambayo Unguja yenyewe imeshayapoteza? Majibu yake yamo ndani ya majani ya miti ile. Vipimo vya vinasaba vinaweza kuyasoma, na maabara za kufanya kazi hiyo tunazo nchini, ikiwamo ile ya TARI Mikocheni. Kinachokosekana ni agizo na fungu la fedha.

Kulitambua embe si kazi ya kutazama rangi na kutaja jina. Rangi hudanganya. Embe lililokaa upande wa jua na pacha wake aliyekaa kivulini, kwenye tawi lile lile, huweza kuonekana kama ndugu wa mbali. Anayejua huanza na bega, pale kikonyo cha tunda kinaposhikia: limejaa au limeshuka? Kisha anapitisha kidole gumba upande wa tumbo kutafuta mdomo, ile ncha ndogo karibu na chini. Kwenye ngowe ncha hiyo imejikunja hata kipofu angeitambua. Anatazama vidoa vya ngozi, vikubwa au vidogo, vimesambaa au vimekusanyika karibu na bega. Analikata, anaangalia nyama, kisha analinyonya kokwa, kwa sababu nyuzi zinajulikana kwa meno kuliko kwa macho. Kokwa lenyewe hukaushwa kidogo na kupasuliwa kwa ncha ya kisu ili kuona ndani yake kama kuna mche mmoja au mingi. Halafu anarudi kwenye mti: anafikicha jani na kulinusa, kwani majani ya aina moja hutoa harufu nzito kama ya tapentaini na ya nyingine hutoa harufu nyepesi ya embe bichi. Anangoja majani machanga yatoke aone kama ni mekundu, ya shaba au ya kijani hafifu. Mwisho anauliza mti huzaa lini, kwa kuwa mwambao una msimu mkubwa wa kuanzia Novemba na ule mdogo wa katikati ya mwaka, na si kila mwembe unashiriki yote miwili.

Maswali hayo ya mwisho hayajibiwi na maabara. Yanajibiwa na watu, na hapa ndipo wasiwasi wangu unapokuwa mkubwa zaidi. Wanaojua sana maembe yetu si mabwana shamba. Ni wazee wenye miti, ni wanaume waliokuwa wakikodi miembe mtini kabla haijaiva, na zaidi ya wote ni akina mama wanaonunua kwa tenga na kuuza kwa fungu. Mama wa namna hiyo anajua embe gani linavumilia safari ya gari kutoka kijijini hadi Temeke, lipi linaliwa siku ile ile, lipi linafaa achari kwa sababu nyama yake haivunjiki kwenye siki, lipi linatiwa bichi kwenye mchuzi wa samaki badala ya ndimu. Bibi mmoja jirani yetu, ambaye tulimzika, alikuwa akitaja majina ya maembe ambayo wajukuu zake hawajawahi kuyasikia, na alikuwa akionesha kwa mkono kila mti ulipokuwa. Hakuna aliyeandika. Miti miwili kati ya ile aliyoionesha ingalipo, inazaa, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kusema kwa hakika ipi ni ipi.

Jina nalo husafiri vibaya. Embe moja huitwa hivi Tanga na vile Mkuranga, na jina moja hubandikwa kwenye maembe mawili tofauti pande mbili za maji. Ndiyo maana nasema kumbukumbu za watu na vipimo vya vinasaba lazima viende pamoja. Vinasaba bila jina vitatupa orodha ya namba. Jina bila vinasaba litatupa ugomvi.

Sasa miti inakwendaje? Inakwenda kwa njia nyingi, na nyingi kati ya hizo zina sababu ya haki, kwa hiyo si busara kutafuta adui mmoja. Shina la mwembe ndilo linalochongwa ngalawa, na mvuvi anahitaji ngalawa. Tawi la mwembe linachoma tofali na linageuka mkaa. Barabara inapanuliwa, na mwembe uliopandwa kando ya njia ya zamani ndio wa kwanza kuwekewa alama ya rangi. Viwanja vinapimwa, kila mtu anataka ukuta. Na yapo mambo ya mirathi, ambayo watu wa pwani wanayajua vizuri: ardhi ni ya huyu, mti ni wa yule, warithi ni wengi na wako miji tofauti. Wakikaa kugawana, mwembe mmoja hauwezi kupasuliwa mara saba ukabaki mwembe, basi unauzwa kwa mwenye msumeno na fedha zinagawanywa jioni ile ile. Siwalaumu. Fedha ya mkaa inaonekana, thamani ya aina ya embe haijawahi kuandikwa mahali popote ili mrithi aione.

Njia nyingine inapita mikononi mwetu sisi wabebeshaji. Mkulima anatuita tumkatie kichwa mwembe wake wa zamani na kubebesha maembe ya Florida, Marekani, kama Tommy Atkins, Keitt au Kent, kwenye machipukizi mapya. Ni kazi halali na ina faida. Maembe hayo yana ngozi imara, yanavumilia safari, yana rangi inayopendwa na wanunuzi wa nje, na mimi mwenyewe nayauza. Lakini mti ukishakatwa kichwa, aina iliyokuwepo imekwisha, ingawa mpita njia anaona mwembe ungali umesimama.

Na hayo maembe ya Florida tunayoyaita ya kisasa yalitoka wapi? Habari yake inafaa isomwe na kila afisa anayeona mti wa kienyeji kama kitu cha kuondoa. Mwaka 1889 miche ya embe la Mulgoba ilisafirishwa kutoka India hadi Florida. Baridi kali ya majira ya 1894 hadi 1895 ikaua karibu kila kitu, na mti mmoja ukasalimika. Mwaka 1902 kapteni mmoja wa jeshi aliyestaafu, John Haden, akapanda makokwa kutoka mti huo. Alifariki mwaka uliofuata. Mjane wake Florence akaendelea kuitunza miche, na mwaka 1910 mmoja wao ukazaa tunda lililokuja kuitwa Haden. Tommy Atkins, embe lililojaa kwenye maduka ya Ulaya na Marekani, lilitokana na kokwa la Haden. Biashara yote hiyo kubwa ilipita kwenye mti mmoja ambao baridi ilishindwa kuuua, na mama mmoja ambaye hakuikata miche ya marehemu mumewe.

Hatuna haja ya kwenda hadi Florida. Kenya, embe linalopandwa na wakulima wengi kuliko yote ni lile wanaloliita apple, la mviringo, lisilo na nyuzi nyingi, na linatajwa kuwa lilianzia mwambao, upande wa Malindi. Halikuletwa na mradi. Lilikuwa mti wa mtu, mtu mwingine akaliona ni zuri, wabebeshaji wakalichukua, na leo familia nyingi za Makueni na Machakos zinasomesha watoto kwa embe la pwani. Ni mangapi ya namna hiyo yamesimama Rufiji, Muheza, Kilwa, Makunduchi na Pemba, yakiliwa na popo kwa sababu hakuna aliyepita kuyaonja kwa nia ya kuyaandika?

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu, kwa sababu nimeshaisikia: miembe mirefu ya zamani haivuniki, matunda yanaoza chini na kufuga nzi. Nzi wa matunda aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 kweli ametutesa sote, na mti wa mita ishirini usiookotwa maembe yake ni shule ya nzi. Wataalamu wakishauri mti kama huo uondolewe, si lazima wawe wamekosea. Lakini urefu ni wa mti, si wa aina. Kikonyo cha mwembe wa miaka mia kikibebeshwa kwenye shina changa kinaanza kuzaa baada ya miaka michache, kwenye mti ambao mtoto anaufikia na ambao unaweza kupogolewa, kuokotwa matunda na kuwekewa mitego ya nzi kama mwembe mwingine wowote. Kata mti ikibidi. Ila kata baada ya kuchukua vikonyo.

Naomba mniruhusu nieleze kazi yenyewe, ili isije ikaonekana kama ni sayansi ya mbali inayohitaji ndege. Unachagua ncha ya tawi yenye unene wa penseli, iliyokomaa, chipukizi lake limevimba lakini halijapasuka. Wiki moja kabla ya kuikata unaondoa majani yake na kuacha vikonyo vya majani tu, ili nguvu ipande kwenye chipukizi. Siku ya kukata unaifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, na ikiwa kivulini inastahimili safari ya siku chache. Shina la kupokea ni mche wa kokwa, uliokatwa juu na kupasuliwa katikati. Kikonyo kinachongwa kama kabari pande mbili, kinaingizwa, ganda likutane na ganda angalau upande mmoja, kinafungwa kwa utepe wa nailoni na kufunikwa mfuko mdogo wa plastiki. Baada ya wiki mbili au tatu chipukizi jekundu linaanza kusukuma mfuko. Vijana wa kijiji wanajifunza kazi hiyo haraka. Kwa mti mmoja wa zamani zinatosha ncha chache, na mwembe hauhisi kitu.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Msimu mmoja utengwe, kuanzia Novemba hadi Februari miti ikiwa na matunda, maofisa ugani wa kila kata waandikishe miembe inayojulikana kuwa ya zamani au yenye embe la pekee: mahali ilipo, mwenyewe, jina analoliita, picha ya tunda zima na lililokatwa, jani, na maneno ya angalau mzee mmoja na mama muuzaji mmoja. Simu ya mkononi inatosha. Majani yapelekwe maabara kwa awamu, kwa kuanza na miti iliyo kwenye hatari ya kukatwa. Kisha kila aina ibebeshwe na kupandwa kwenye mashamba yasiyopungua mawili yaliyo mbali kwa mbali, moja Kizimbani na jingine Bara, kwa sababu shamba moja likipata moto, ugonjwa au mwekezaji, tumerudi pale pale. Kila mti wa mkusanyo huo uwe chanzo cha vikonyo kwa wabebeshaji waliosajiliwa, kwa bei nafuu. Aina inayopandwa kwenye mashamba ya watu haiwezi kufa kirahisi kama ile iliyofungiwa ndani ya uzio wa serikali.

Wenye miti walipwe. Si lazima iwe fedha nyingi. Miche kadhaa iliyobebeshwa kutoka kwenye mti wao wenyewe, ikiwa na jina la mti na la familia kwenye kibao, ni malipo ambayo wazee wengi ninaowafahamu wangeyapokea kwa heshima. Na pale ambapo mradi wa barabara au wa viwanja unalazimika kupita juu ya mwembe, fomu ya uthamini iwe na nafasi ya kuandika aina, na fidia isifungwe kabla mbebeshaji hajaitwa kuchukua vikonyo. Wiki moja ya kuondoa majani na siku moja ya kukata. Hakuna mradi wa barabara usioweza kusubiri hivyo, nasi tumeshaona ikisubiri kwa mambo madogo zaidi.

Kwa Zanzibar nina ombi la ziada. Kilimo si jambo la Muungano, na hilo limefanya mara nyingi pande mbili zifanye kazi kila mmoja kivyake. Maembe hayakujua mpaka huo. Mkusanyo wa Unguja na Pemba usipolinganishwa na wa Tanga, Bagamoyo na Kilwa, nusu ya habari itakosekana. Wenzetu wa Lamu na Mtwapa nao waalikwe, maana ngowe na boribo viko pande zote.

Mimi na wabebeshaji wenzangu wa wilaya hii tuko tayari kuanza na miti tunayoifahamu. Visu tunavyo, miche ya kupokelea vikonyo tunayo vitaluni, na wenye miti tumeshazungumza nao, wengi wamekubali. Miembe mitatu kati ya hiyo iko ndani ya eneo lililowekewa alama kwa ajili ya viwanja. Mmoja unaitwa na wenyewe embe la Bi Mkubwa, na hatujaupata mwingine unaofanana nao. Tunaomba afisa mwenye mamlaka aje msimu huu, akiwa na barua inayoturuhusu kuingia pale kabla ya tingatinga.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima na mbebeshaji wa miche ya matunda,
Mkoa wa Pwani